2–2 kwenye mlango wa friji

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji tangu asubuhi, imeandikwa kwa maka peni nyekundu 2–2, basi, hamna neno lingine, na hadi leo sijui aliyeibandika ni nani maana nilipomuuliza Mskone alinijibu kwa uso mkavu kabisa kwamba yeye hajui, labda ni bei ya vitunguu.

Hiyo ilikuwa Jumanne tarehe 22 Juni 2004, mji wa Lund, kusini kabisa mwa Sweden, kwenye korido ya wanafunzi niliyokuwa nakaa. Kwa asiyejua korido za kule ni hivi, vyumba kumi na mbili vimepangwa kwenye mstari, kila mtu na choo chake, ila jiko ni moja, meza ndefu moja, TV moja, na friji mbili ambazo kila mtu ana shelfu yake humo ndani na maziwa yake yameandikwa jina, na ole wako uguse siagi ya mtu. Mwezi wa sita wengi walishaondoka makwao, tukabaki saba, wenye kibarua cha kiangazi na wenye sapu, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili, mchana naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja na usiku najifanya nasoma.

Majina ya pasipoti hayawahusu, nawataja kwa majina ya jikoni. Kulikuwa na Mskone, yaani mwenyeji wa Skåne, mkoa huohuo tuliokuwa tunaishi, jamaa mrefu, anaongea taratibu, sikuwahi kumwona akicheka na ndo alikuwa mchekeshaji kuliko wote. Kulikuwa na dada wa Stockholm tuliyemwita Sifuri Nane, kwa sababu namba za simu za Stockholm zinaanza na 08 na Waswidi wa mikoani wakitaka kumsema mtu wa mji mkuu wanamwita hivo, kama sisi tunavosema mtoto wa mjini ila wao wanaweka na pilipili. Mdenishi alitokea Aarhus, na huko kwao Denmark watu wa Aarhus ndo wanaosukumiwa vichekesho vyote vya ujinga, sa huyu jamaa kwao anachekwa na huku anachekwa, hana pa kupumzikia. Mnorwei alikuwa dada wa Bergen na ukimwita Mnorwei anakusahihisha, yeye si wa Norway, yeye ni wa Bergen. Mfini hakuwa na maneno. Mtaliano alikuwa wa Bologna, amekuja kwa mwaka mmoja wa kubadilishana, anapika sosi ya nyama inayochemka masaa manne. Na mimi, Mngoni wa Songea.

Miezi yangu ya kwanza pale nilidhani hawa watu wa kaskazini wanachukiana kweli kweli.

Wiki ya kwanza tu Mskone alinikalisha chini, sauti ya msibani, akaniambia sikiliza, wewe mgeni lazima ujue, bahari hapa katikati ikiganda ukavuka kwenda Denmark kwa miguu juu ya barafu, sheria ya kule inamruhusu Mdenishi yeyote akuchape fimbo. Nikamwambia mimi si Mswidi bwana. Akasema wakati wa baridi kuna giza, hawataomba pasipoti. Mimi na ushamba wangu nikaenda kumuuliza Mdenishi kwa heshima zote kama hiyo sheria ipo. Akaweka kikombe chini, akafikiri, akasema hapana ndugu, huo ni uzushi wa Waswidi, Jumapili hairuhusiwi.

Akaendelea kunywa kahawa yake!

Ilinichukua karibu hadi Krismasi kuelewa kwamba kichekesho cha watu hawa hakina king'ora. Kwetu mtu akitaka kuchekesha unamjua toka mbali, sauti inapanda, macho yanatoka, anakushika bega, anaanza kucheka yeye kabla hajafika mwisho. Mswidi anakwambia jambo kama anasoma utabiri wa hali ya hewa halafu anarudi kupaka siagi mkate wake, wewe unabaki hujui ucheke au utoe pole. Na ukicheka sana wanakuangalia kama umevunja glasi.

Ila ile ya barafu ina mzizi wake. Mwanzoni mwa 1658 mfalme wa Waswidi, Karl X Gustav, alitembeza jeshi lake na farasi wake juu ya bahari iliyoganda, kisiwa hadi kisiwa, hadi akakaribia Copenhagen, Wadenishi hawakutegemea mtu atokee upande ule, na Februari hiyohiyo wakasaini mkataba pale Roskilde wakaachia Skåne yote. Maana yake hilo jiko letu lilikuwa juu ya ardhi iliyokuwa ya Denmark miaka na miaka. Ndo maana Mdenishi akiingia asubuhi anasalimia "naona mnanitunzia nyumba." Siku moja akasema wangependa kweli kuirudisha Skåne, tatizo ni watu waliomo. Sifuri Nane bila kuinua macho kwenye gazeti akasema wachukueni tu, tutawalipia nauli. Maana Waswidi wa juu nao wanawasema Waskone kwamba wanaongea kama nusu Wadenishi, mdomo umejaa uji. Kuhusu Wadenishi wenyewe ndo kabisa, Mnorwei alikuwa anashikilia kwamba Kidenishi si lugha, ni ugonjwa wa koo.

Na namba zao! Hapa nilikuwa nacheka hata mimi bila kuelekezwa. Mdenishi akitaka kusema hamsini anasema halvtreds, ambayo ukiifungua ndani unakuta ni nusu-ya-tatu mara ishirini, yaani mbili na nusu mara ishirini. Tisini ni nusu-ya-tano mara ishirini. Siku nilipocheka sana Mdenishi akanigeukia, akasema wewe ambaye kwenu saa inaonyesha saba asubuhi nyie mnasema saa moja, wewe ndo wa kunicheka? Meza nzima kimya, wote wananiangalia. Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Bia nazo zilikuwa uwanja wa vita. Sweden pombe ya maana unanunua kwenye maduka ya serikali tu, Systembolaget, Jumamosi saa tisa mchana wanafunga na Jumapili hawafungui, Mdenishi alikuwa anayaita famasi. Sasa kutoka Helsingborg ya Sweden hadi Helsingør ya Denmark ni pantoni ya dakika ishirini, na Waswidi kwa vizazi wamekuwa wakivuka kwenda kununua kule, wengine hata nchi kavu hawashuki, wanakaa ndani ya pantoni inaenda inarudi inaenda inarudi wao wanakula na kunywa, na wana neno lake kabisa, kutura. Wadenishi nao wakawatungia kibwagizo, weka Denmark safi, msindikize Mswidi hadi pantoni. Mdenishi wetu alikuwa anamwambia hivo Mskone kila Ijumaa jioni, na Mskone kila Ijumaa anamjibu asante, kapu langu ni lile pale.

Kuna kitu kingine nikaja kukigundua. Sifuri Nane aliwahi kuniuliza, unajua unavozamisha nyambizi ya Wanorwei? Unapiga mbizi unagonga mlango. Na ya pili je? Unapiga mbizi tena unagonga, wanafungua dirisha wanakwambia ahaa, leo hutudanganyi. Nikacheka nikaibeba. Kesho yake nikamkuta Mnorwei peke yake nikasema ngoja nimchokoze, nikaanza, unajua unavozamisha nyambizi... akanikatiza, ya Waswidi, unagonga mlango. Ni hiyohiyo! Neno kwa neno, kwao Norway wanaisema hivohivo imegeuzwa tu uso. Halafu akaongeza kwamba ila sisi hatuhitaji kutunga, mwaka 1981 nyambizi ya Wasovieti ilipanda kwenye miamba kusini mwa Sweden jirani kabisa na kambi yao ya jeshi la majini, na waliokuja kuigundua ni wavuvi. Na hawa ndo walijenga meli ya kivita, Vasa, 1628, ikazama palepale bandarini Stockholm siku ya kwanza haijamaliza hata kilomita mbili, wakaitoa majini 1961, wakaijengea makumbusho, na wanakutoza kiingilio. Sifuri Nane alikuwa ameshaingia jikoni wakati huo, akasikiliza hadi mwisho, akasema, ni meli nzuri lakini.

Hiyo "ni nzuri lakini" ilikuwa silaha yake.

Kwa Wanorwei Waswidi wana kidonda chao pia, maana kuanzia 1814 hadi 1905 walikuwa chini ya mfalme mmoja, mfalme wa Waswidi, na walipoachana Wanorwei walionekana ndo ndugu maskini, vichekesho vyote vya Waswidi vimejengwa hapo, Mnorwei mshamba, Mnorwei mvuvi. Halafu mwisho wa miaka ya 60 wakapata mafuta. Siku hizi wao ndo wanavuka mpaka na magari kwenda kununua nyama na soda Sweden kwa sababu kwao ni ghali na wao hela wanazo. Mskone alikuwa anasema tatizo la Norway si kwamba wametajirika, tatizo ni kwamba wana furaha.

Mfini yeye alikuwa na kichekesho kimoja tu na kilikuwa ni namba. Waswidi wakianza kujisifu kuhusu chochote, samani, muziki, mfumo wa afya, yeye anasema "95." Mwaka 1995 Finland walichukua ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu kwa kuwafunga Waswidi 4–1 Stockholm, nyumbani kwao, na kocha wa Finland alikuwa Mswidi. Basi anasema 95 anarudi kimya. Mskone naye anamjibu "2003", maana mwaka uliotangulia Wafini wakiwa kwao Helsinki walikuwa wanaongoza 5–1, mechi ikaisha 6–5 kwa Sweden. Mazungumzo yao ndo hayo, 95, 2003, wanapeana chumvi.

Mtanisamehe nimezunguka sana, ila bila hayo hamtaelewa kwa nini niliingia kwenye ule mkenge.

Euro 2004, kombe la mpira la mataifa ya Ulaya, ilikuwa Ureno, na kundi moja wakawekwa Sweden, Denmark, Italia na Bulgaria. Norway walitolewa na Hispania kwenye mchujo na Finland hawakufuzu, kwa hiyo jikoni kulikuwa na watu wanne wenye timu na watatu tunaoshabikia keleleni tu. Italia na Denmark wakatoka 0–0, mechi ambayo Totti alimtemea mate Christian Poulsen wa Denmark akafungiwa mechi tatu, sasa Mdenishi kila Mtaliano akipita anafungua mwavuli, ndani ya nyumba. Sweden wakampiga Bulgaria 5–0. Ikaja Italia na Sweden tarehe 18, Italia wanaongoza, dakika ya 85 Zlatan akageuka akapiga ule mpira kwa kisigino juu ya kila mtu ukaingia. Zlatan ni mtoto wa Rosengård, Malmö, kama dakika kumi na tano tu kwa treni kutoka Lund. Mskone alisimama, akasema "hiyo ilikuwa sawa," akakaa. Kwa Mskone hiyo ni sawa na kuvua shati na kukimbia uwanja mzima.

Sasa hesabu. Mtaliano alikuja na karatasi amepiga mahesabu kama anafunga bajeti. Mechi ya mwisho Sweden na Denmark, Italia na Bulgaria, muda mmoja. Italia akishinda na hawa wawili wakitoka sare, wote watatu wanakuwa na pointi tano, na kwa kanuni za UEFA zinaangaliwa mechi za wao kwa wao, na hapo Italia alikuwa na goli moja tu. Sare ya 2–2 inawapitisha Sweden na Denmark wote wawili hata Italia amfunge Bulgaria ishirini. Magazeti ya kwao yote yalikuwa yanasema hilo, hawa ni ndugu, watapeana.

Akaniuliza mimi kwa sababu mimi sikuwa na upande. Na mimi, jamani, nikajifanya profesa. Nikamwambia kaka, hawa nimekaa nao miezi kumi, nimesikia wanayoambiana, kuanzia asubuhi matusi, jioni matusi, hawa hawawezi kupeana hata chumvi, watapeana kufuzu? (Wakati nimetoka kuwaambia kwamba chumvi walikuwa wanapeana. Nilikuwa naiona kwa macho yangu mawili.) Akasema unabeti? Nikasema nabeti. Tukakubaliana, wakitoka 2–2 nitaosha sufuria zake wiki nzima, wasipotoka hivo atanipikia wiki nzima. Mtu yeyote anayejua ile sosi ya masaa manne inavoshika chini ya sufuria anajua nilikuwa naweka rehani nini, na mimi kazini kwenyewe nashinda naosha vyombo.

Mechi ilianza saa mbili na dakika arobaini na tano usiku, jua bado lipo nje maana ilikuwa siku tatu kabla ya sikukuu yao ya kiangazi. Karatasi ya 2–2 bado ipo kwenye friji, Mtaliano aliichana saa kumi, saa kumi na moja ikawepo nyingine. TV ilikuwa inaonyesha Sweden na Denmark, Mtaliano akaweka spika ya sikio ya kompyuta kwenye sikio moja anafuata redio ya kwao.

Dakika ya 28 Tomasson akapiga shuti la mbali, 1–0 Denmark. Mdenishi akasimama akaenda moja kwa moja kufungua dirisha, akasema kuna harufu ya Mswidi humu. Kule kwingine kabla ya mapumziko Bulgaria wakapata penati wakafunga, Mtaliano akajishika kichwa. Mapumziko hakuna aliyeongea na mwenzie, mimi najiona mshindi kabisa, nafikiria nitaomba anipikie nini Jumatano.

Kipindi cha pili hakijakolea, Larsson penati, 1–1. Papo hapo Italia nao wanasawazisha. Dakika ya 66 Tomasson tena, 2–1. Hapo ndo nikaona kituko ambacho sikukitegemea, Mtaliano anamhitaji Mdenishi! Denmark akishinda na Italia akishinda, Sweden ndo anaenda nyumbani. Mtaliano akahamia upande wa Mdenishi, akamkumbatia bega, mwavuli na mate vyote vimesahaulika, wanaimba pamoja kitu ambacho hakikuwa Kidenishi wala Kitaliano. Sifuri Nane anang'ata kucha. Mskone anapaka siagi mkate ule ule kwa mara ya tatu. Mimi moyoni nawashangilia Wadenishi kwa ajili ya tumbo langu.

Dakika ya 89. Krosi ikaja, kipa wa Denmark, Sørensen, akaushika mpira ukamponyoka, Mattias Jonson akausukuma wavuni. 2–2.

Kwanza kimya. Halafu Mdenishi akajitoa kwenye mkono wa Mtaliano, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto hataki alie. Akanyoosha shati. Akazunguka meza nzima hadi kwa Mskone, akampa mkono kama wanasaini mkataba. "2–2," akamwambia. Mskone akaupokea, akamwangalia, na hapo ndo kwa mara ya kwanza toka nimjue nikamwona meno, akaanza kucheka hadi machozi, Mdenishi naye, wanashikana mabega, Sifuri Nane kapanda juu ya kiti. Hata Mnorwei ambaye hakuwa na ng'ombe wala mbuzi kwenye hiyo mechi alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko.

Kule kwingine dakika za nyongeza Cassano akafunga, Italia 2–1, tukamwona baadaye kwenye marudio anakimbia anashangilia halafu anaambiwa matokeo ya huku, analia. Mtaliano wetu hakulia. Alivua spika ya sikio, akawageukia, akasema wezi. Mmepanga. Nchi nzima zimepanga, na nyie mmepanga, karatasi ile pale kwenye friji.

Na hapa ndo ninapotaka mnisikilize. Sijawahi kuona meza inabadilika namna ile. Mskone kicheko kilikata, akarudisha uso wake wa kila siku, akamwambia Mtaliano, "Wadenishi hawawezi kupanga hata namba zao, watapanga mechi?"

Mdenishi akaongezea kwa utulivu kwamba mwaka 1520 mfalme wetu alikwenda Stockholm kutawazwa, akawaalika wakubwa wao kwenye karamu, karamu ilipoisha akawakata vichwa, kama themanini hivi, kwa hiyo rafiki yangu fikiria mwenyewe, ungekuwa na jirani wa namna hii ungempangia mechi?

"Ilikuwa karamu nzuri lakini," akasema Sifuri Nane.

Mfini akasema, "95." Nadhani hakuwa na neno lingine la kuchangia lakini alitaka kuwepo.

Wamekaa upande mmoja wa meza wote watano, Mtaliano upande wa pili peke yake na mimi katikati, na huo utetezi wao wote ulikuwa ni kutukanana wao kwa wao, hakuna hata mmoja aliyemtukana yeye. Mimi nilivyoiona mechi ile haikupangwa, hakuna anayepanga kipa aponyokwe na mpira dakika ya 89 mbele ya dunia nzima. Lakini Mtaliano hakutaka kusikia, alinigeukia mimi, si wao. Akasema wewe ulisema hawawezi kupeana chumvi. Akaenda kwenye jiko, akaleta lile sufuria kubwa, akaliweka mbele yangu juu ya meza, akaenda kulala.

Usiku huohuo nikanunua vocha nikampigia kaka yangu Songea, kule ilikuwa inakaribia saa nane usiku lakini mpira alikuwa ameangalia. Nikamsimulia yote. Alicheka hadi vocha ikaanza kunilia. "Mdogo wangu," akaniambia, "umebeti dhidi ya watani? We Mngoni wa wapi?"

Akanikumbusha msiba wa bibi. Sisi na Wahehe babu zetu walipigana vita kali miaka ya 1870 na 1880, hakuna aliyemmaliza mwenzie, na kilichobaki ni utani, sisi tunawaambia wanakula mbwa, wao wanatuambia sisi wakimbizi tulikuja kwa miguu toka Afrika Kusini tunamkimbia Shaka. Bibi alipofariki kuna mzee Mhehe, mwalimu mstaafu, alivaa khanga ya marehemu, akaingia kaburini akalala, akasema huyu bibi alikuwa mchoyo na bila elfu tano hazikwi mtu hapa. Watu wanalia huku wanacheka. Jioni yake kwenye turubai akaja jamaa mmoja si mtani wa mtu yeyote, katoka sijui wapi, kasikia wenzie wanacheka na yeye akadakia, kweli bwana huyu bibi alikuwa mchoyo. Aliyenyanyuka na fimbo kumfuata alikuwa yule yule Mhehe. Na khanga bado kaivaa.

Nilikuwepo, nilikuwa mkubwa tu, nimeona yote. Halafu nimesafiri hadi Ulaya nikakaa na watani miezi kumi nikadhani ni maadui.

Basi nikaosha. Jumatano nikaosha, Alhamisi nikaosha, na nina hakika alikuwa anaunguza makusudi. Ijumaa ilikuwa sikukuu yenyewe, Midsommar, Waswidi wakaleta viazi na samaki wa siki na Mtaliano akafungua mlango wake, akachukua sahani, akafunga. Mdenishi alimwachia nje ya mlango mwavuli wake umekunjwa vizuri. Asubuhi haukuwepo.

Jumamosi Sweden wakacheza robo fainali na Uholanzi, 0–0 hadi penati, Zlatan akapaisha, Mellberg akakosa, wakatoka. Jumapili Denmark wakapigwa 3–0 na Czech. Sikuwa na la kusema, nikasugua.

Jumatatu asubuhi naingia jikoni nakuta karatasi mpya kwenye friji. Maka peni ya kijani. 0–3, na chini yake kwa Kiswidi kibovu, karibuni nyumbani. Mskone alikuwa amesimama mbele yake na maziwa mkononi, Mdenishi nyuma yake, wote wanaisoma. Mtaliano yupo mezani anakula mkate, mwavuli umetundikwa kwenye kiti chake. Mskone akageuka akamuuliza hii karatasi ni ya nini.

Mtaliano akatafuna, akameza, uso mkavu kama ukuta. Akasema hajui, labda ni bei ya vitunguu.

Mskone akakaa kando yake. Akafungua siagi yake mwenyewe, ile yenye jina, akaisukuma katikati. Mimi nilikuwa kwenye sinki, nimebakiza siku moja.